Nanochembe zinazong'aa

Nanochembe zinazong'aa ni chembe ndogo sana zinazotengenezwa maabarani au viwandani, zenye upana wa nanometa chache hadi mia kadhaa, ambazo zikimulikwa kwa mwanga wa rangi moja hutoa mwanga wa rangi nyingine. Katika tiba hutumika hasa kama alama ya kutafutia molekuli ndani ya damu. Nanochembe hufungwa kwenye kingamwili, kingamwili hiyo hushika molekuli inayotafutwa, na mwanga unaotoka huonyesha kama molekuli ipo, na ipo kwa kiasi gani.

Suala hilo la kiasi ndilo linalozitofautisha na vipimo vya haraka vya kawaida, ambavyo hujibu "ndiyo" au "hapana" tu. Umuhimu wake umeonekana wazi katika Mkoa wa Tanga, pwani ya kaskazini ya Tanzania. Huko tafiti za homa kali za watoto zilionyesha kwamba mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria katika damu na bado akawa anaumwa kitu kingine, na kwamba kupima kiasi cha protini moja ya kimelea kunaweza kusaidia kutambua tofauti.

Nanometa moja ni sehemu ya milioni moja ya milimita. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanometa 7,000 hadi 8,000 hivi, kwa hiyo hata nanochembe kubwa ya nanometa 400 ni ndogo karibu mara ishirini kuliko chembe hiyo.

Kung'aa kwa namna gani

Kung'aa kunakozungumziwa hapa huitwa fluoresensi. Si sawa na mwanga wa kimulimuli au wa bahari inayometameta usiku, ambao hutokana na kemikali ndani ya viumbe wenyewe. Kitu chenye fluoresensi hakina mwanga wake. Hupokea mwanga kutoka nje, hupoteza sehemu ya nishati yake kama joto, kisha hutoa kilichobaki kama mwanga wenye nishati pungufu, yaani wenye wimbi refu zaidi. Mfano unaojulikana na wengi ni noti za benki. Noti ikiwekwa chini ya taa ya urujuanimno, alama ambazo hazikuonekana kwa mwanga wa kawaida hutokea zikiwa na rangi kali. Noti bandia mara nyingi hukosa alama hizo.

Historia ya ugunduzi huu inagusana na malaria kwa namna ambayo wachache wanaijua. Mwaka 1845 Mwingereza John Herschel alieleza kwamba mmumunyo wa kwinini, ulio mweupe kama maji, huonyesha rangi ya buluu kwenye uso wake unapopigwa na jua. Mwaka 1852 mwanafizikia George Gabriel Stokes alionyesha sababu yake: kwinini inapokea mwanga wa urujuanimno, ambao jicho la binadamu haliuoni, na kuurudisha kama mwanga wa buluu unaoonekana. Jina la fluoresensi alilitoa Stokes kutokana na madini ya fluoriti, ambayo yana tabia hiyo hiyo. Kwa hiyo dawa ya zamani ya malaria ni kati ya vitu vya kwanza ambavyo wanasayansi walivitumia kuielewa fluoresensi.

Kwinini ina historia pia katika Usambara Mashariki. Kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 katika milima iliyo juu ya Muheza, kilipanda mikwinini, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kilitengeneza kwinini kwa ajili ya majeshi ya Kijerumani yaliyokuwa yamezingirwa na kukosa dawa kutoka Ulaya. Katika miaka ya 1950 Amani ikawa makao ya taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki, na baada ya sheria ya mwaka 1979 iliyounda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ikawa moja ya vituo vyake. Baadaye shughuli kuu ziliteremka kutoka milimani hadi mjini Muheza.

Kitepe na mstari wake

Vipimo vingi vinavyotumia nanochembe vimejengwa juu ya kitepe cha utando maalumu, kile kile kinachojulikana na watu kupitia kipimo cha mimba au kipimo cha haraka cha malaria kiitwacho mRDT. Tone la damu huwekwa upande mmoja pamoja na matone ya dawa ya kusaidia mtiririko. Majimaji hutambaa ndani ya kitepe kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Njiani hukutana na nanochembe zilizopakwa kingamwili ya kwanza. Kama molekuli inayotafutwa ipo, hunaswa na kingamwili hiyo na kusafiri pamoja na nanochembe. Mbele zaidi kuna mstari mwembamba ambako kingamwili ya pili imegandishwa. Hii hushika molekuli ile ile kwa upande wake mwingine, hivyo nanochembe hukwama hapo, kama samaki wanaozuiwa na wando maji yanapokupwa. Kadiri molekuli zilivyo nyingi ndivyo nanochembe nyingi zinavyojikusanya kwenye mstari. Kuna pia mstari wa udhibiti, ambao hushika hata nanochembe zisizobeba kitu, ili kuthibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi.

Katika mRDT ya kawaida nanochembe ni za dhahabu, na mara nyingi zina upana wa nanometa 40 hivi. Dhahabu iliyosagika kiasi hicho haina rangi ya pete wala mkufu. Huwa nyekundu, kwa sababu elektroni zake hutikisika pamoja na mwanga wa kijani na kuumeza. Mstari mwekundu unaoonekana kwenye kitepe ni nanochembe hizo za dhahabu zilizokusanyika. Faida yake ni kubwa: hakihitajiki kifaa chochote isipokuwa jicho, na kipimo kimoja hugharimu chini ya dola moja ya Marekani. Ndiyo sababu kimefika hadi kwenye zahanati za vijijini.

Udhaifu wake ni jicho lenyewe. Jicho huhitaji chembe nyingi kabla ya kuona mstari, na haliwezi kupima ukolezi wa rangi kwa uhakika. Mstari hafifu na mstari uliokolea vyote husomwa "chanya", hata kama damu ya mgonjwa mmoja ina protini mara mia kuliko ya mwingine.

Nanochembe za dhahabu zikibadilishwa na kuwekwa zinazong'aa, kitepe huingizwa ndani ya msomaji, yaani mashine ndogo yenye taa, kichujio cha mwanga na kihisio. Taa humulika mstari, kichujio huzuia mwanga wa taa yenyewe usipite, na kihisio huhesabu mwanga unaotoka kwenye nanochembe peke yake. Jibu hutoka kama namba. Kwa kuwa mwanga hupimwa juu ya giza na si rangi juu ya weupe, hata nanochembe chache zinaweza kutambuliwa.

Vimelea vipo, lakini je, ndivyo vinavyoumiza?

Kwa mtu anayeishi mahali pasipo na malaria, kimelea kimoja kikionekana kwenye damu kinatosha kueleza homa yake. Pwani ya Tanga haikuwa hivyo. Katika vijiji vya tambarare za Muheza na Korogwe watoto walikuwa wakiumwa na mbu wenye vimelea mara nyingi sana kila mwaka, na waliopona mara kadhaa walipata kinga ya kiasi: vimelea viliendelea kuishi ndani ya damu bila kuleta homa. Katika kijiji kimoja cha tambarare cha Korogwe kilichofuatiliwa na watafiti, mwaka 2003 watu 78.4 kati ya kila 100 waliopimwa walikuwa na vimelea. Mahali kama hapo, mtoto anayeletwa hospitalini kwa nimonia au kwa bakteria waliosambaa katika damu ana uwezekano mkubwa wa kukutwa na vimelea vya malaria pia. Hadubini inasema kweli kwamba vimelea vipo, na bado mtoto anaweza kupewa tiba isiyo yake.

Ukubwa wa tatizo ulianza kuonekana katika utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2004. Wagonjwa 4,474 walikuwa wakitibiwa kwa malaria kali. Sampuli zao za damu ziliposomwa upya kwa uangalifu, ni 2,062 tu, yaani asilimia 46.1, waliokuwa na vimelea. Vifo vilikuwa vingi zaidi kwa wale wasio na vimelea: asilimia 12.1, dhidi ya asilimia 6.9 kwa wenye vimelea. Walikuwa wakiumwa kitu kingine, na wengi wao hawakupewa antibiotiki.

Kuleta kitepe hakukutosha kurekebisha hali hiyo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2007, pia katika hospitali za kaskazini mashariki, lililinganisha hadubini na mRDT kwa wagonjwa 2,416 wa nje. Zaidi ya nusu ya waliopimwa na kukutwa hawana malaria waliandikiwa dawa ya malaria hata hivyo, iwe walipimwa kwa hadubini au kwa kitepe. Waganga waliozoea kwa miaka mingi kwamba homa ni malaria hawakuuamini mstari. Tangu hapo mambo yamebadilika: mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mgonjwa apimwe kabla ya kutibiwa, na mRDT ikaenea nchini kote.

Upande mgumu zaidi ni ule wa waliokutwa chanya. Katika Hospitali Teule ya Muheza, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia watoto 3,639 waliolazwa kwa homa. Watoto 2,195 walikuwa na vimelea vya malaria. Damu yao ilipooteshwa maabarani, 100 kati ya hao 2,195 walikutwa wakiwa na bakteria hatari. Ni asilimia 4.6 tu, lakini kila mmoja wao alikuwa na jibu la "chanya" ambalo lingeweza kumfanya mganga aishie hapo. Na katika maabara ya kawaida hakukuwa na njia ya haraka ya kuwatenga: kuotesha bakteria huchukua siku moja au mbili, na hospitali nyingi za wilaya hazina uwezo huo kabisa.

Protini ya HRP2

Molekuli inayotafutwa na mRDT nyingi barani Afrika huitwa HRP2. Hutengenezwa na Plasmodium falciparum, kimelea kinachosababisha malaria kali, na humwagika ndani ya damu hasa pale chembe nyekundu iliyoambukizwa inapopasuka. HRP2 ina tabia moja inayoipa thamani ya pekee. Vimelea vilivyokomaa havizunguki na damu; hujibandika kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, figo na viungo vingine, na huko ndiko vinakoleta madhara. Damu inayochukuliwa kidoleni haina vimelea hivyo, kwa hiyo hadubini huona sehemu tu ya jeshi zima. HRP2 huwa haijibandiki. Hubaki ikizunguka katika majimaji ya damu, hivyo kiasi chake hueleza habari za vimelea vyote, pamoja na vile vilivyojificha.

Nafasi ya kulijaribu wazo hili ilitokea kupitia jaribio kubwa la AQUAMAT, lililochapishwa mwaka 2010. Lilihusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, na kwa Tanzania vituo vyake vilikuwa viwili, Muheza na Korogwe, vyote mkoani Tanga. Swali lake kuu lilikuwa dawa ipi ni bora kwa malaria kali, artesuneti au kwinini. Jibu lilikuwa artesuneti: walikufa asilimia 8.5 ya waliopewa artesuneti, dhidi ya asilimia 10.9 ya waliopewa kwinini. Matokeo hayo yaliiondoa kwinini kwenye nafasi iliyokuwa imeishika kwa vizazi vingi.

Damu iliyohifadhiwa kutoka kwa watoto 3,826 wa jaribio hilo ilipimwa baadaye kiasi cha HRP2, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Idadi ya vimelea iliyoonekana kwa hadubini haikutabiri vizuri nani angekufa. HRP2 ilifanya hivyo: juu ya nanogramu 174 kwa kila mililita ya plazima, hatari ya kifo ilipanda kadiri protini ilivyoongezeka. Chini ya kiwango hicho vifo havikufuata kiasi cha HRP2. Tafsiri ya watafiti ilikuwa kwamba wengi wa watoto hao, ingawa walikuwa na vimelea, huenda walikuwa wanaumwa ugonjwa mwingine.

Nanogramu moja ni sehemu ya bilioni moja ya gramu. mRDT ya kawaida huweza kuonyesha mstari kwa HRP2 iliyo pungufu sana ya nanogramu 174, na mstari huo utakuwepo pia kwa mtoto mwenye nanogramu 2,000. Kwa hiyo habari ambayo ingemsaidia daktari imo tayari ndani ya tone la damu lililowekwa kwenye kitepe. Dhahabu na jicho haviwezi kuitoa. Vipimo vya Muheza vilifanywa kwa njia iitwayo ELISA, inayohitaji maabara yenye vifaa, fundi mzoefu na saa kadhaa. Mtoto mwenye malaria kali au maambukizi ya bakteria hana saa hizo.

Hapa ndipo nanochembe zinazong'aa zinapoingia. Watafiti katika nchi mbalimbali wameunda vitepe vya HRP2 vinavyotumia nukta za kwanta au chembe zenye elementi ya Europi, na vimeonyesha kwamba kiasi cha protini kinaweza kusomwa kwa dakika chache. Hata hivyo, kupima kiasi cha HRP2 bado si sehemu ya huduma za kawaida za zahanati au hospitali za wilaya.

Namba ya HRP2 nayo ina mipaka yake. Protini hiyo hukaa ndani ya damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, hivyo mtoto aliyepona malaria mwezi uliopita anaweza kuonekana chanya. Vilevile kuna vimelea visivyokuwa na jeni ya HRP2. Viligunduliwa kwanza Peru, na nchini Eritrea vilienea kiasi kwamba vipimo vya aina hiyo vililazimika kubadilishwa. Kwa kimelea kama hicho hata nanochembe bora kabisa haitaona kitu. Tena, kiwango cha mpaka kinategemea mahali. Katika kijiji kile cha Korogwe maambukizi yalishuka kutoka asilimia 78.4 mwaka 2003 hadi asilimia 13.0 mwaka 2008, na katika kijiji cha milimani kutoka 24.7 hadi 3.1. Wabebaji wa vimelea wasioumwa wakipungua, jibu la "chanya" peke yake huanza tena kuwa na maana.

Damu nayo ina mwanga wake

Damu si majimaji safi. Hemoglobini humeza sana mwanga wa buluu na wa kijani, na protini nyingine pamoja na plastiki na utando wa kitepe hutoa fluoresensi yao hafifu. Nanochembe ikimulikwa, vitu hivi vyote hung'aa pamoja nayo. Aina mbalimbali za nanochembe zinaweza kuelezwa kama njia tofauti za kuishinda kelele hiyo.

Njia rahisi ni kujaza rangi nyingi ndani ya mpira mdogo wa plastiki au wa silika. Molekuli moja ya rangi hung'aa kidogo na huchakaa haraka ikimulikwa. Maelfu yaliyofungiwa ndani ya chembe moja hutoa mwanga mkubwa na hudumu zaidi.

Nukta za kwanta ni fuwele ndogo za nusukipitishi, zenye nanometa chache tu, na rangi yake hutegemea ukubwa wake: dutu ile ile ikiwa ndogo zaidi hutoa buluu, ikiwa kubwa zaidi hutoa nyekundu. Alexei Ekimov, Louis Brus na Moungi Bawendi walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023 kwa kuzigundua na kuzitengeneza. Kwa kuwa taa moja huweza kuamsha rangi zote, molekuli kadhaa zinaweza kupimwa katika tone moja, kila moja kwa rangi yake.

Chembe za Europi hutumia muda badala ya rangi. Fluoresensi ya damu hufifia ndani ya nanosekunde chache. Ile ya Europi huendelea kwa mamia ya mikrosekunde. Msomaji huwasha taa, huizima, husubiri kidogo mpaka damu "inyamaze", kisha hupima kilichobaki.

Aina ya ajabu kuliko zote ni fosfori za kupandisha mwanga, zenye elementi kama iterbi na erbi. Hizi hupokea chembe mbili au zaidi za mwanga wa infraredi na kuziunganisha kutoa mwanga mmoja wa kijani, kinyume kabisa na kanuni ya Stokes. Hakuna kitu ndani ya damu kinachofanya hivyo, kwa hiyo mwanga wa kijani ukionekana hauna mwenyewe mwingine ila chembe.

Kichocho: Mwanza na Zanzibar

Fosfori za kupandisha mwanga zimetumika katika utafiti wa Afrika Mashariki. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walizitumia kutengeneza kitepe cha kutafuta antijeni iitwayo CAA, ambayo minyoo hai ya kichocho huitapika kutoka tumboni mwao kuingia katika damu ya mgonjwa. Kipimo cha zamani cha kichocho ni kutafuta mayai kwenye mkojo au kinyesi kwa hadubini. Mgonjwa mwenye minyoo michache hutoa mayai machache, na siku nyingine hatoi kabisa. Antijeni ipo muda wote minyoo ikiwa hai, na hupungua dawa inapoiua.

Mkoani Mwanza, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha CAA katika seramu na katika matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi. Njia ya karatasi ina maana kubwa kwa vijiji visivyo na friji, kwa kuwa sampuli inaweza kusafirishwa bila barafu. Mwaka huo huo yalichapishwa matokeo ya Zanzibar, ambako sampuli zilikuwa za mkojo. Visiwani, miaka mingi ya kugawa dawa ya prazikwanteli ilikuwa imepunguza kichocho hadi hadubini ikashindwa kuwaona wengi wa waliobaki na minyoo. Kitepe cha CAA kilionyesha maambukizi mengi zaidi kuliko mayai yalivyoonyesha. Kwa programu inayotaka kumaliza ugonjwa, wagonjwa hao wasioonekana ndio wanaoweza kuurudisha.

Matende na mabusha, ambayo ni ya zamani sana katika pwani ya Tanga na Pangani, yana historia inayofanana, ingawa vipimo vyake vinavyotumika zaidi bado ni vya rangi ya kawaida. Minyoo wachanga wa ugonjwa huu huingia kwenye damu ya pembezoni usiku, kwa hiyo timu za utafiti zililazimika kuzunguka vijijini saa za usiku kuchukua damu za vidoleni. Kipimo cha antijeni ya minyoo wakubwa kinaweza kufanywa mchana. Katika kijiji cha Kirare, karibu na jiji la Tanga, antijeni hiyo ilikuwa moja ya vipimo vya kufuatilia kama ugawaji wa dawa ulioanza mkoani mwaka 2004 ulikuwa unafanya kazi.

Vikwazo

Mashine za kusoma vitepe vinavyong'aa zimekwisha kuingia katika maabara nyingi, hasa za mijini na za binafsi, kwa ajili ya vipimo kama homoni za tezi, protini za mshtuko wa moyo na CRP. Hii ya mwisho ni protini ya ini inayopanda mwili unaposhambuliwa, hasa na bakteria, na kiasi chake kimejaribiwa kama msaada wa kuamua nani apewe antibiotiki. Katika jaribio la watoto 3,192 wenye homa jijini Dar es Salaam, lililochapishwa mwaka 2017, mfumo wa maamuzi uliotumia CRP na vipimo vingine vya papo hapo ulipunguza watoto walioandikiwa antibiotiki kutoka asilimia 29.7 hadi 11.5, na walioshindwa kupona walipungua pia, kutoka asilimia 4.1 hadi 2.3. Jaribio hilo halikuhitaji nanochembe zinazong'aa; lilihitaji kiasi badala ya ndiyo na hapana, na ndicho nanochembe zinachokitoa kwa usahihi zaidi.

Kwa zahanati ya kijijini kikwazo cha kwanza ni msomaji wenyewe. Jicho haliharibiki kwa vumbi, halihitaji umeme wala fundi. Mashine ikizimika, vitepe vyake vyote havina kazi. Joto la pwani ni kikwazo cha pili, kwa kuwa kingamwili huharibika zikihifadhiwa mahali pa moto na unyevu. Vipimo vingi huelekezwa visizidi nyuzi 30 au 40, na stoo iliyoezekwa kwa bati mwezi wa Februari inaweza kuvuka kiwango cha chini kwa urahisi. Nanochembe zenyewe huwa imara zaidi kuliko kingamwili zilizopakwa juu yake.

Nukta za kwanta zenye kadimi zina swali la taka. Kadimi ni sumu kwa figo, na taka za zahanati mara nyingi huchomwa shimoni. Kiasi kilicho ndani ya kitepe kimoja ni kidogo mno, lakini vipimo hutumika kwa mamilioni kila mwaka, na hiyo ni sababu mojawapo ya watafiti kugeukia nukta zisizo na kadimi, nukta za kaboni, silika na Europi.

Kuna pia kosa la kipimo linalowapata hata wenye vifaa vizuri. Molekuli ikizidi mno katika damu, hujaza kingamwili zote za nanochembe na za mstari kwa wakati mmoja, na hakuna kinachobaki cha kuziunganisha. Mstari hufifia badala ya kung'aa, na mgonjwa aliye mahututi kuliko wote anaweza kupata namba ndogo. Kwa HRP2 jambo hili linajulikana, na dawa yake ni kurudia kipimo kwa damu iliyozimuliwa.